Mlango, Kizingiti na Mfaa: Historia ya Majina ya Nyumbani katika Taaluma Mbalimbali

1. Utangulizi

Nyumba yangu kubwa haina mlango. Kila mtoto aliyekulia katika Kiswahili anajua jibu la kitendawili hiki, nalo ni yai. Ladha yake inatokana na jambo ambalo halisemwi wazi, kwamba nyumba isiyo na mlango si nyumba. Ukuta peke yake huzuia tu. Mlango ndio unaoupa ukuta maana, kwa kuwa huufanya uweze kuzuia na kuruhusu.

Kwa sababu hiyo haishangazi kuwa mlango umekuwa somo la wanahistoria, wanaisimu, wanasosholojia, wanasaikolojia, waganga na wahandisi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi taaluma hizo zilivyoutazama mlango, na kuonyesha kuwa majina ya sehemu zake, ambayo mafundi wetu waliyatunza kwa vizazi vingi, ni akiba ya istilahi ambayo bado hatujaitumia ipasavyo. Akiba hiyo inapungua, na ndiyo maana suala hili linafaa kujadiliwa sasa.

2. Ushahidi wa majina

Tuanze na mlango wenyewe, kama unavyoonekana katika nyumba za mawe za Lamu, Unguja au Bagamoyo. Mlango huo una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani. Kando zake husimama miimo miwili. Chini kuna kizingiti cha chini, nacho ndicho anachokivuka mgeni baada ya kupiga hodi na kukaribishwa. Juu kuna kizingiti cha juu, ambacho mara nyingi hutiwa nakshi nyingi zaidi, na pengine aya ya Kurani au mwaka wa Hijria. Katikati umesimama mfaa, yaani ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye ubao mmoja wa mlango ili ufunike pengo pale mbao mbili zinapokutana. Kwa ndani mlango hufungwa kwa komeo au pingo. Kwa nje hufungwa kwa mnyororo, tumbuu na kufuli.

Wageni wengi walioandika juu ya milango hiyo waliiita ya Kiarabu. Mwaka 1924 F. R. Barton alichapisha makala juu ya milango ya Unguja katika jarida la Man la London. Nancy Ingram Nooter aliiandikia milango hiyo makala mwaka 1984 katika African Arts, naye Judith Aldrick aliichambua milango ya karne ya 19 ya pwani nzima katika jarida la Azania mwaka 1990. Kadiri uchunguzi ulivyoendelea, ndivyo ilivyodhihirika kuwa jina moja halitoshi. Milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ile yenye tao la juu haina asili moja. Mafundi wa Kihindi walikuwa na mchango mkubwa, hasa mwishoni mwa karne ya 19, na mbao nyingi za msaji zililetwa kutoka India, ingawa mbambakofi na mfenesi za hapa kwetu zilitumika pia.

Aidha, Mreno Duarte Barbosa, alipoieleza Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16, alizitaja nyumba zake za mawe na milango yake ya mbao iliyochongwa vizuri. Wakati huo Waomani walikuwa hawajaitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa. Waliitwaa mwaka 1698. Basi sanaa ya kuchonga milango haikuja pwani pamoja na utawala wao, hata kama ilistawi mno chini yake.

Maneno nayo yanatoa ushahidi. Mlango ni neno la Kibantu, na ndugu zake wanapatikana katika lugha nyingi za bara. Mwimo una shina moja na wima. Komeo limetokana na komea, pingo na pinga, ufunguo na fungua. Kinyume chake, kufuli na bawaba ni za Kiarabu, na dirisha ni la Kiajemi. Kwa hiyo tukiupanga msamiati kwa tabaka, kama mchimbaji wa mambo ya kale anavyopanga tabaka za udongo, tunaona kuwa majina mengi ya kiunzi na ya ufungaji wa mti ni ya zamani na ya hapa hapa, ilhali majina ya vyuma na ya vitu vilivyokuja kwa biashara ni ya kukopa.

Hata hivyo inafaa tutahadhari. Neno si hati ya kumilikia kitu. Leo mafundi wengi husema fremu, neno la Kiingereza, wakikusudia miimo na vizingiti pamoja. Mtafiti wa karne zijazo angekosea sana kama angehitimisha kuwa Waswahili walifundishwa na Waingereza kuizungushia milango yao mbao. Neno la kukopa huweza kukifunika kitu cha kale, na jina la kale likishasahauliwa, ushahidi wake hupotea pamoja nalo.

3. Mwaka 1909

Katika historia ya taaluma, mwaka 1909 ulikuwa na bahati ya pekee kwa somo letu. Mwaka huo mwanasosholojia wa Ujerumani, Georg Simmel, alichapisha insha fupi juu ya daraja na mlango. Alieleza kuwa daraja huunganisha vilivyotengana, lakini mlango hufanya yote mawili: hutenga na kuunganisha. Mwenye nyumba anayejifungia anajua kuwa anaweza kutoka, na katika uwezo huo umo uhuru wake.

Mwaka huo huo Arnold van Gennep alichapisha huko Ufaransa kitabu chake juu ya mila za mpito, kama vile kuzaliwa, kutiwa jandoni, kuoa na kufa. Aliona kuwa mila hizo zina hatua tatu, akazipa majina kutokana na neno la Kilatini *limen*, ambalo maana yake ni kizingiti. Baadaye Victor Turner, kutokana na uchunguzi wake miongoni mwa Wandembu wa Zambia, aliikuza fikra hiyo, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1969.

Mwaka 1909 pia Rudolf Meringer na wenzake walianzisha huko Heidelberg jarida lililoitwa kwa Kijerumani Maneno na Vitu. Rai yao ilikuwa kwamba historia ya neno haiwezi kujulikana bila historia ya kitu linachokitaja. Hiyo ndiyo njia tuliyoifuata hapo juu tulipoutazama mfaa na fremu.

Sasa tuitazame istilahi ya van Gennep kwa macho yetu. Mtu akitaka kuifasiri kwa kufuata sauti, atapata neno zito lisilomwambia mwanafunzi lolote. Lakini Kiswahili kina kizingiti, tena kina kiambishi tamati cha mahali: hatua ya kati ni hatua ya kizingitini. Neno hilo si la kubuni. Wakazi wa kisiwa cha Pate wanalijua kama jina la mji. Mwari aliye unyagoni, ambaye si mtoto tena wala hajawa mtu mzima, yuko kizingitini, na mwanafunzi ataelewa bila maelezo marefu.

Wanasaikolojia walikuwa wameingia mlango huo mapema zaidi. Mwaka 1860 Gustav Fechner alitumia neno la Kijerumani lenye maana ya kizingiti kutaja kiasi kidogo kabisa cha mwanga, sauti au uzito ambacho mtu anaweza kukihisi. Chini ya kiasi hicho, taa inawaka lakini jicho halina habari. Kizingiti cha hisi ni istilahi inayofaa kabisa. Kadhalika sheria za uchaguzi za nchi kadhaa hudai chama kipate sehemu fulani ya kura ndipo kiingie bungeni. Ujerumani sehemu hiyo ni asilimia 5. Hapo pia tunaweza kusema kizingiti.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Katika lugha ya magazeti, kuweka vizingiti kumekuwa na maana ya kuweka vikwazo. Msomaji aweza kudhani kuwa kizingiti cha hisi ni kinachozuia hisi. Jibu letu ni kwamba maana hiyo ya magazeti imetia mkazo upande mmoja tu wa neno. Kizingiti hakiwekwi ili watu wasiingie. Kinawekwa mahali pa kuingilia. Istilahi ikitumiwa mara kwa mara pamoja na kijalizo chake, utata utapungua.

4. Mlango kitabuni, baharini na mwilini

Neno mlango lenyewe limekwisha kufanya kazi katika taaluma nyingi bila ya kamati yoyote kuliagiza. Katika tafsiri ya Biblia, sura za vitabu ziliitwa milango. Na katika vitabu vya fikihi, neno la Kiarabu *bab* ni mlango na ni sehemu ya kitabu vilevile. Katika jiografia tunasema mlango wa bahari, kama ule wa Hormuz au wa Bab el Mandeb, na katika jina hilo la pili mlango unatajwa mara mbili, kwa lugha mbili. Katika elimu ya jamii, ukoo wa pwani hugawanyika katika milango. Katika elimu ya viumbe tunayo milango mitano ya fahamu.

Mfano mzito zaidi unatoka katika tiba. Saratani ya sehemu ya chini ya tumbo la uzazi ina majina mawili katika matangazo ya afya: wengine huiita saratani ya mlango wa kizazi, na wengine saratani ya shingo ya kizazi. Jina la pili limefuata Kilatini, ambamo *cervix* ni shingo. Jina la kwanza limefuata kazi ya kiungo chenyewe, kwani ndipo mtoto anapopitia. Chanjo ya kukinga maradhi hayo ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote Tanzania mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Mama anayesoma bango moja leo na jingine kesho aweza kudhani kuwa ni magonjwa mawili, na kwamba binti yake amekingwa na moja tu. Hapa usanifishaji wa istilahi si burudani ya wasomi. Kwa maoni yetu, mlango wa kizazi ndilo jina linalostahili kushikwa, kwa sababu halimlazimishi msikilizaji kujua Kilatini ndipo aelewe mwili wake.

5. Bawaba, bawabu na kilango

Mwaka 1988 Bruno Latour wa Ufaransa aliandika makala juu ya kifaa kinachoufunga mlango chenyewe. Hoja yake ni kuwa kazi ya mlinzi wa mlango inaweza kupewa kifaa, na kwamba mtaalamu wa jamii asiyetazama vifaa anaona nusu tu ya jamii. Kiswahili kilikuwa kimeyaweka mawili hayo karibu tangu zamani: bawabu ni mtu anayelinda mlango, na bawaba ni chuma kinachoushika mlango ukageuka, na yote mawili yametoka katika *bab*.

Katika elektroniki, Claude Shannon alionyesha mwaka 1937 jinsi swichi za umeme zinavyoweza kutenda kazi za mantiki. Sehemu inayopokea ishara na kuamua kama itapitisha nyingine huitwa lango. Lakini ngeli zetu zinasema zaidi ya hapo. Lango ni mlango mkubwa, kama wa mji au wa uwanja wa mpira. Sehemu tunayoizungumzia ni ndogo mno hata haionekani kwa macho. Ngeli ya KI- inatupa kilango, neno lililomo katika lugha kwa maana ya mlango mdogo. Tukisema kilango cha “na” na kilango cha “au”, tutakuwa tumetumia sarufi yetu kutofautisha mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya.

6. Mapendekezo

Sehemu moja ya Beit al Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka mwezi Desemba 2020. Jengo laweza kujengwa upya kama kila sehemu yake inajulikana na ina jina. Mfaa umo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Swali ni kama umo bado vinywani mwa vijana wanaopiga randa leo. Njumu, ambazo zamani zilikuwa nakshi za madini zilizotiwa katika mti, wengi wanazijua sasa kwa viatu vya mpira tu. Neno hilo limeokoka kwa kubadili kazi. Mengine hayatakuwa na bahati hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kizingiti kisanifishwe kwa dhana za saikolojia, mila za mpito na sheria za uchaguzi, pamoja na vijalizo vyake. Pili, mlango wa kizazi uwe jina moja katika maandishi yote ya afya, na kilango kijaribiwe katika elektroniki. Tatu, majina ya sehemu za mlango yakusanywe kwa mafundi wenyewe, kwa mchoro wa kila sehemu, pamoja na tofauti za lahaja. Wasomaji walio karibu na karakana za Lamu, Unguja, Mombasa na Bagamoyo wanaombwa waianze kazi hiyo bila kungoja kamati. Fundi akiulizwa jina la ubao alioushika, atalitaja. Asipoulizwa, atasema fremu, kama wateja wake wanavyosema.