Mwanao yuko kwenye timu: jinsi simu inavyoweza kumlinda

Michezo humjenga mtoto mwili na akili. Lakini mtoto anapomtegemea mtu mzima mmoja ampange kwenye timu, ampe viatu au nauli, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia nafasi hiyo. Mara nyingi huanza na simu: ujumbe wa usiku, vocha, kuombwa picha, kisha “usimwambie mama”. Wasichana na wavulana wote hukumbwa.

Kabla ya safari

Timu ya Kilambo inapokwenda kucheza Mtwara mjini, au shule inapopeleka watoto UMITASHUMTA au UMISSETA:

- Uliza nani anasafiri nao na watalala wapi. Hifadhi namba za walimu wawili, mmoja awe mwanamke.
- Kubalianeni kwamba kocha atume taarifa kwenye kundi la wazazi, si kwa mtoto peke yake. Mzazi mwenye kitochi apigiwe.
- Mtoto aikariri namba yako na namba 116.

Dalili za kuangalia

Anaficha simu, ana zawadi asizoeleza zimetoka wapi, anaacha mazoezi ghafla, halali vizuri, au anaumia anapokojoa.

Mtoto akikueleza

- Msikilize. Usimgombeze wala kumnyang’anya simu. Akiadhibiwa, safari nyingine atanyamaza.
- Usifute ujumbe. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe.
- Kama kuna picha ya utupu ya mtoto, usiitume kwa yeyote, hata kwa ndugu. Kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Peleka simu yenyewe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.
- Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, saa 24, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe.

Kama ameingiliwa

Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Ikiwezekana asioge kwanza, na nguo zake zitunzwe kwenye mfuko wa karatasi.

Msimalizane kifamilia kwa fidia. Fedha haimponyi mtoto, na aliyemdhuru atarudi uwanjani kwa watoto wengine.