Uledi na Maporomoko ya Kongo

Ewe msomaji wa Diani au Msambweni, bila shaka umepata kuona jinsi maji yanavyokimbia katika mlango wa mwamba wakati bahari inapokupwa. Maji yote yaliyotulia ndani hutaka kutoka katika nafasi moja nyembamba, na mvuvi asiyeujua mkondo huweza kupoteza ngalawa yake. Sasa fikiri mlango wa namna hiyo wenye urefu wa kilometa 350, baina ya magenge ya mawe, nao mto Kongo ukipita humo kwa nguvu zake zote. Ndiyo njia waliyoipita watu wa pwani katika mwaka wa 1877.

Walikuwa katika msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba, 1874. Wengi walikuwa Waungwana wa Unguja. Mashua yao, Lady Alice, ilichukuliwa vipande vipande na wapagazi, na mshika usukani wake aliitwa Uledi. Vitabu vingi havimtaji; mimi naona kwamba katika korongo lile yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Kutoka Malebo mpaka Matadi mto hushuka mita 270 hivi. Penye kupitika walipiga makafi. Penye mkondo mkali waliishusha mitumbwi kwa kamba kando ya mawe yenye utelezi. Pasipowezekana kabisa waliikokota nchi kavu. Huko Inkisi waliipandisha hata mlimani! Tarehe 28 Machi mtumbwi mmoja ulichukuliwa na maji ukaporomoka, akafa Kalulu, kijana ambaye Stanley alikuwa amempeleka mpaka Uingereza.

Tarehe 3 Juni walifika watu wa nyuma penye maporomoko ya Massassa. Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyebaki pamoja na Stanley, alikuwa na vidonda vya miguu asiweze kutembea, akataka kupita majini. Uledi alikwenda kuyatazama maji, akarudi akasema hayapitiki. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, Pocock aliwaita mabaharia waoga. Hilo ni neno zito kwa mtu wa bahari, nao wakajitoma. Maji yaliyozunguka kama pia yaliuvuta mtumbwi chini, na katika watu 11 walizama watatu, Pocock mmojawapo, ingawa alikuwa hodari wa kuogelea.

Stanley aliandika kwamba Uledi aliokoa watu 13 wasizame katika safari hiyo. Basi hata aliposhtakiwa kwa kuiba shanga za msafara, nduguye Shumari alijitoa kushiriki viboko vyake, na mwishowe akasamehewa.

Tarehe 31 Julai waliiacha Lady Alice juu ya mawe karibu na Isangila, wakaenda kwa miguu wakiwa na njaa. Tarehe 9 Agosti walifika Boma. Katika mwaka wa 1898 reli ilikamilika kutoka Matadi mpaka Malebo, na mizigo haikuhitaji tena kuchukuliwa vichwani katika vilima vile. Poromoko moja Stanley aliliita Kalulu. Yote kwa jumla aliyapa jina la Livingstone, ambaye hakuyaona kamwe.