Mgonjwa Asiyetajwa Jina: Walter Clement Noel na Uandishi wa Historia ya Selimundu

Historia ya selimundu katika tiba ya Kimagharibi kwa kawaida huanzia mwaka 1910. Mwaka huo James B. Herrick, daktari wa Chicago nchini Marekani, alichapisha makala kuhusu mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu ambaye baadhi ya seli zake nyekundu zilikuwa na umbo la mundu. Mgonjwa hakutajwa jina. Kwa hiyo damu yake iliingia katika historia, naye mwenyewe akabaki nje.

Mgonjwa huyo alikuwa Walter Clement Noel, aliyezaliwa mwaka 1884 katika familia ya wamiliki wa mashamba huko Grenada, kisiwa cha Karibi. Mwaka 1904 alisafiri hadi Chicago kusomea udaktari wa meno. Mwishoni mwa mwaka huo alilazwa hospitalini, ambako Ernest Irons, daktari kijana aliyekuwa akifanya kazi chini ya Herrick, aliipima damu yake na kuziona seli hizo. Kwa takriban miaka miwili na nusu madaktari hao walimhudumia Noel, aliyesumbuliwa mara kwa mara na matatizo ya kifua na maumivu ya mwili. Hawakuujua ugonjwa wake, wala hawakuwa na tiba yake.

Hata hivyo, mwaka 1907 Noel alihitimu masomo yake. Alirejea Grenada na kufanya kazi ya udaktari wa meno katika mji mkuu, St. George's, hadi alipofariki kwa nimonia mwaka 1916. Hivyo, makala ya Herrick ilipotoka, mtu aliyeelezwa humo kama mgonjwa alikuwa mwenyewe akiwatibu wengine.

Maarifa ya kitabibu yaliendelea bila yeye. Mwaka 1922 Vernon Mason aliupa ugonjwa huo jina lake. Mwaka 1949 James Neel alieleza namna unavyorithiwa, na mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa chanzo chake ni hemoglobini isiyo ya kawaida. Jina na maisha ya Noel viliwekwa wazi mwaka 1989 tu, kupitia utafiti wa Todd Savitt na Morton Goldberg.

Haifai kumchora Noel kama shujaa aliyeushinda ugonjwa. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 33, na bila uwezo wa familia yake huenda asingefika Chicago. Linalothibitika ni dogo zaidi, lakini lina uzito: alichagua taaluma, akaikamilisha na kuitumikia jamii yake kabla ugonjwa wake haujapata jina. Kumbukumbu za hospitali huhifadhi siku ambazo mtu aliugua. Siku zake nyingine, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi, mwanahistoria hana budi kuzitafuta kwingine.