Kosa la Baba na Mikono ya Mtoto



Leo tuzungumze juu ya safari. Katika makanisa yetu tunazijua safari za vijana. Kundi linatafuta nauli, kwaya inafanya mazoezi, wanashona kitambaa cha namna moja, kisha wanapanda gari na kuvuka mpaka, wakaimbe na kuhubiri kwa ndugu wa nchi jirani. Wanakaa siku chache, wanarudi na furaha. Safari kama hizo ni njema.

Lakini ninakuuliza wewe: je, kundi la vijana linaweza kwenda kwa watu walioumizwa na baba zao? Wakifika huko waseme nini? Na wenyeji, kwa nini wawafungulie mlango?

Jambo hilo limekwisha kufanyika. Lilifanyika Ulaya, baada ya vita kuu ya pili ya dunia, na lilianzishwa na hakimu mmoja Mkristo wa Ujerumani. Sikilizeni habari zake.

Hakimu huyo aliitwa Lothar Kreyssig. Alizaliwa mwaka 1898. Wakati wa utawala wa Hitler alikuwa hakimu katika mji wa Brandenburg an der Havel. Kazi yake ilikuwa kulinda haki za watu wasioweza kujisimamia wenyewe, kama vile wagonjwa wa akili. Mwaka 1940 aliona jambo la ajabu. Wagonjwa waliokuwa chini ya ulinzi wake walihamishwa, kisha zikaja habari za vifo vyao, moja baada ya nyingine. Akatambua kwamba wanauawa. Akamwandikia waziri wa sheria, tena akamshtaki kwa kosa la mauaji mkubwa mmoja wa chama, Philipp Bouhler. Waziri akamwonyesha barua ya Hitler mwenyewe iliyotoa ruhusa. Kreyssig akajibu kwamba neno la mtawala haliwezi kugeuza uovu kuwa haki. Kwa ajili hiyo akapoteza kazi yake ya uhakimu.

Vita viliisha mwaka 1945. Mtu kama huyo angeweza kusema: Mikono yangu ni safi, waulizeni wengine. Hakusema hivyo. Tarehe 30 Aprili 1958, katika mkutano mkuu wa Kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani mjini Berlin, alisimama akasoma mwito. Alikiri kwamba Wajerumani ndio walioanzisha vita, na kwamba waliua mamilioni ya Wayahudi. Aliongeza kwamba hata wale ambao hawakutaka mambo hayo, hawakufanya ya kutosha ili kuyazuia. Kisha akatoa ombi kwa mataifa yaliyoumizwa: mturuhusu, kwa mikono yetu na kwa mali yetu, tufanye tendo jema katika nchi zenu, tujenge kijiji, au kanisa, au hospitali. Shirika lililozaliwa siku ile liliitwa Aktion Sühnezeichen, maana yake tendo la kuonyesha ishara ya kulipia kosa.

Angalieni vizuri neno lile: mturuhusu. Hakusema, tunakuja kuwasaidia. Aliomba ruhusa. Na ruhusa haikutoka mara moja kila mahali. Aliitaja kwanza Polandi, Urusi na Israeli, kwa sababu huko ndiko Wajerumani walikoumiza watu zaidi. Lakini kazi za kwanza zilianza mwaka 1959 katika nchi nyingine, Uholanzi na Norwei. Israeli ilipokea kundi la kwanza mwaka 1961. Wale waliochelewa kufungua mlango hawakulaumiwa. Mwenye kuumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Huko Norwei ya kaskazini, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yanarudi nyuma mwaka 1944, yalichoma nyumba na makanisa, na watu wakafukuzwa makwao wakati baridi inaanza. Miaka 15 baadaye, vijana wa Kijerumani walifika katika kijiji cha Kokelv wakiwa na vyombo vya kazi, wakasaidia kujenga kanisa. Fikiri wewe ni mama wa kijiji kile. Lugha uliyoisikia siku nyumba yako inachomwa, unaisikia tena, lakini sasa wanaoisema wanabeba mbao.

Sasa twende Uingereza, katika mji wa Coventry. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo kwa mabomu. Watu zaidi ya 500 walikufa, na kanisa kuu likaungua likabaki kuta tupu. Wiki sita baadaye, siku ya Noeli, mkuu wa kanisa hilo, Richard Howard, alisema katika redio kutoka katika magofu yale. Mji bado ulikuwa na kilio, lakini aliwaambia watu waondoe mawazo ya kisasi, na kwamba baada ya vita watajaribu kujenga dunia yenye upole zaidi. Na sisi tunaosema katika redio leo tukumbuke hilo: redio inaweza kuwasha moto, na redio inaweza kuuzima.

Mwaka 1961 vijana 16 kutoka Ujerumani walifika Coventry. Walikaa karibu miezi sita. Walichukua vyumba vilivyobomoka kando ya kanisa lile la zamani wakavitengeneza kuwa nyumba ya kupokea wageni wa mataifa yote na ya kufundisha upatanisho. Wengi wa vijana hao walikuwa watoto wadogo wakati wa vita. Hakuna hata mmoja aliyerusha bomu.

Na habari haikuishia hapo. Mwezi wa Februari 1945 ndege za Uingereza na Marekani zilikuwa zimeupiga mji wa Dresden, huko Ujerumani, na watu wapatao 25,000 wakafa. Basi mwaka 1965 vijana kutoka Uingereza, waliotumwa na kanisa la Coventry, walikwenda Dresden kusaidia kujenga upya hospitali ya Kikristo iliyobomolewa na mabomu yale. Aliyepokea wageni, sasa akawa mgeni. Aliyeumizwa alikubali kwamba na watu wake pia waliumiza. Nadhani hiyo ndiyo safari iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Katika mafunzo ya uraia, vijana huniuliza: Kwa nini mimi nilipie jambo ambalo sikulifanya? Swali hilo ni la haki, na mimi niliyesoma sheria sina budi kulijibu vizuri. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba mtu anajibu kwa kosa lake mwenyewe, na hakuna anayeweza kufuatwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mtu mwingine. Kwa hiyo mtu akikwambia katika Kivu au Ituri kwamba kabila fulani lote ni wauaji, huyo anavunja sheria kabla hajavunja upendo. Kabila haliwezi kusimama mbele ya hakimu. Anayesimama ni mtu, mwenye jina lake na tendo lake.

Lakini kuna kitu kingine ambacho sheria haiwezi kukulazimisha: kubeba mzigo usio wako kwa hiari yako. Vijana wale hawakuwa wafungwa. Hawakukwenda kwa amri, kama tulivyokuwa tunaitwa kwenye salongo zamani. Walisema: Kosa si letu, lakini jeraha lipo, na sisi ni watoto wa nyumba ile lilikotoka. Kosa halirithiwi. Kazi ya kutengeneza inaweza kurithiwa.

Wala msidhani kwamba tofali linachukua nafasi ya hukumu. Wakati vijana hao wanajenga nje, huko Frankfurt, kuanzia mwaka 1963 hadi 1965, mahakama ya Ujerumani iliwahukumu watu waliofanya kazi katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kreyssig mwenyewe alianza kwa kudai mashtaka. Haki na upatanisho ni miguu miwili. Ukikata mmoja, huwezi kutembea.

Basi, wewe kiongozi wa vijana unayepanga safari ya kundi lako, nakuachia maswali manne. La kwanza: je, mmewauliza wenyeji kama wanataka mje, na kama wakikataa mtanyamaza bila kukasirika? La pili: kazi mtakayofanya, nani ameichagua, ninyi au wao? La tatu: mtakaa muda wa kutosha hata wawajue kwa majina, au mtapiga picha na kurudi? La nne, nalo ndilo zito: mkirudi nyumbani, mtawaambia wazazi wenu yale mliyosikia huko, hata kama hawapendi kuyasikia?

Zungumzeni maswali hayo katika makundi yenu, wavulana na wasichana pamoja, na wazee wakiwepo. Msiogope mkitofautiana. Wale wa Coventry walikuwa 16 tu, na hawakumfufua hata mtu mmoja. Lakini nyumba waliyoitengeneza ilipokea watu waliokuwa maadui, wakaketi pamoja ndani yake.

 Amani ikae nyumbani kwenu, na kwa jirani yenu.