Kanuni ya Viungo na Suala la Amana

Kabla ya mwaka 1841 karakana za Uingereza zilikata hesi za skrubu kila moja kwa kipimo chake, hata nati iliyopotea ilikuwa shida kupata badali ila kwa fundi yule yule aliyeitengeneza. Katika mwaka huo Joseph Whitworth, aliyekuwa amekusanya skrubu za karakana nyingi na kutafuta wastani wao, alipendekeza kipimo kimoja chenye pembe ya digrii 55.

Udhia wa namna hiyo umerudi katika zama za akili unde. Programu ijuayo kujibu kwa lugha ya binadamu haina mikono: haiwezi kusoma daftari la ofisi wala kupeleka barua mpaka iunganishwe na zana za nje. Ikiwa programu ni 10 na zana ni 20, na kila jozi yataka kiungo chake, viungo vitakuwa 200. Kanuni moja ikikubaliwa na wote, kazi hupungua ikawa 30. Kwa hoja hiyo Microsoft ilitoa Language Server Protocol mwaka 2016, kwa manufaa ya waandishi wa programu; na kwa kuifuata, Anthropic ilitangaza Model Context Protocol mwezi Novemba 2024, kanuni iliyo wazi kwa kila mtu. Machi 2025 OpenAI, mshindani wake, iliikubali. Desemba mwaka huo ikakabidhiwa wakfu ulio chini ya Linux Foundation, isiwe mali ya kampuni moja.

Lakini mfano wa skrubu una mpaka wake. Skrubu haitii neno la mtu. Wakala wa akili unde hutii maneno, na maneno ya zana humfikia kwa njia ile ile yapitayo maagizo ya bwana wake. Barua yenye agizo la hila yaweza kumfanya atoe siri alizopewa kutunza. Toleo la kwanza la kanuni halikuwa na utaratibu wa idhini; uliongezwa katika toleo la Machi 2025. Hata hivyo idhini huamua nani afunguliwe mlango, wala haidhamini maneno yatakayosemwa ndani.

Hivyo kazi ya kuunganisha imetangulia kazi ya kulinda. Mtu amkabidhiye wakala funguo za daftari lake yampasa amwekee mpaka, na tendo lisiloweza kutanguliwa lisitendwe kabla mwenyewe hajaulizwa.