Uhusiano wa hulka ya mtu na uraibu wa dawa za kulevya

KAMAKIS, kando ya barabara ya Eastern Bypass mjini Ruiru, Kaunti ya Kiambu, hujulikana kwa nyama choma, pombe na muziki wa usiku. Vijana wawili huweza kuanza kunywa katika meza moja. Mmoja akaridhika na chupa mbili, mwingine akawa mraibu. Kwa nini?

Wanasaikolojia, akiwemo Patricia Conrod wa Canada, wametaja hulka nne zinazomkaribisha mtu kwenye uraibu: kukata tamaa, wepesi wa kuingiwa na hofu, pupa ya kutenda bila kufikiri, na kiu ya misisimko. Mwenye kiu ya misisimko hunywa kwa raha, tena mbele ya watu. Huyo ndiye tunayemwona Kamakis na kumnyoshea kidole. Aliyekata tamaa hunywa ili asahau, aghalabu peke yake chumbani, na jamaa zake huchelewa kung'amua. Mwenye hofu hutafuta utulivu, naye mwenye pupa hushindwa kujizuia kilevi kikiwa karibu.

Mjini Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kuwa waliokosa uwezo wa kujitawala utotoni walielekea zaidi kuwa waraibu walipofika umri wa miaka 32.

Hata hivyo, hulka si hukumu. Kilevi chenyewe hubadilisha ubongo, hivyo ukali au uzembe tunaouona kwa mraibu huenda ni matokeo wala si chanzo. (Nasi wanahabari tumezoea kuandika "walevi" kana kwamba ni kabila.) Isitoshe, hulka haifanyi kazi pasipo kilevi. Uchunguzi wa NACADA wa 2022 ulibaini kuwa Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau aina moja ya kilevi, pombe na tumbaku zikiwemo.

Conrod alibuni mafunzo mafupi shuleni, ambapo vijana hukutanishwa kwa makundi kulingana na hulka zao: wa pupa hufunzwa kutua kabla ya kutenda, wa hofu kuikabili hofu yenyewe. Majaribio nchini Uingereza na Canada yalionyesha kuwa unywaji ulipungua.

Anayehitaji ushauri nchini Kenya anaweza kupigia NACADA simu bila malipo kupitia nambari 1192.