Mieleka Ndani ya Karate

Vijana wengi wakisikia neno karate hufikiria ngumi na mateke tu. Mtu akimkamata mwenzake na kumbwaga chini, husema, "Hiyo si karate, hiyo ni judo." Historia yasema vingine.

Karate ilikulia Okinawa, visiwa vilivyo kusini mwa Japani. Watoto wa huko walikuwa na mieleka yao iitwayo tegumi. Gichin Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1868, aliikumbuka uzeeni kuwa mchezo wa utoto wake, akaihusisha na asili ya karate. Mbinu nyingine zilitoka China. Ni kweli kwamba vazi jeupe na mikanda ya ngazi viliazimwa kwenye judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano mwaka 1882. Lakini kuangushana Okinawa walikuwa nako tangu zamani, na katika kitabu chake cha mwaka 1935 Funakoshi alieleza mbinu tisa za kumwangusha adui.

Mbona basi mbinu hizo zilififia? Kwa maoni yangu, sababu moja kubwa ni shule. Mwaka 1901 Anko Itosu aliingiza karate katika shule ya msingi huko Okinawa. Mwalimu mmoja aweza kuwafundisha watoto mia ngumi na mateke kwa kuhesabu. Lakini kubwagana kwataka wawili wawili, mahali laini, na jicho la karibu. Baadaye yakaja mashindano, ambamo kuangusha peke yake hakuleti pointi. Pointi huletwa na pigo linalofuata.

Hapa kwetu, mwaka 1973 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alianza kufundisha Goju-Ryu, mtindo wa Okinawa, jijini Dar es Salaam. Ndani yake mna kushika na kuangusha. Kijana wa Kitanzania hakuwa mgeni wa mambo hayo: mieleka aliijua, na kupiga mtama alikujua.

Ndugu wanafunzi wa Makuyuni, shule huchagua la kufundisha, kwa kuwa muda na walimu havitoshi. Lililoachwa nje si lazima liwe duni. Waulizeni wazee wenu walivyopigana mieleka, myaandike kabla hayajapotea. Na mkitaka kujaribu, tafuteni mwalimu, mjifunze kwanza kuanguka.